Barua Mbili za Waziri

Mtaani kwetu tulimwita Waziri kabla hajawa waziri. Lilikuwa jina la mzaha. Wanaume wa barazani walimpa kwa sababu ya mwendo wake, mikono nyuma, kanzu imenyooshwa kwa pasi mpaka kola, akisimama kila mlango kuuliza hali. Na salamu zake zilikuwa ndefu. Alikuuliza wewe, kisha mamako, kisha goti la mamako lililokuwa likimsumbua tangu Ramadhani, na ukimjibu alisikiliza mpaka mwisho. Kutoka Ngome, pale barabara ya magari inapoishia, mpaka mlangoni kwake ni mwendo wa dakika tano, lakini yeye ulimchukua nusu saa. Basi alipoteuliwa kweli, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ile vurumai ya vyama vingi, tulicheka kwanza, ndipo tukapiga vigelegele. Mamangu alilia. Alisema, "Sasa nasi tuna mtu."

Jina lake silitaji, na wizara yake pia siitaji. Waliomjua watamjua, na wasiomjua haliwaongezei kitu.

Nilikuwa jirani yake, mlango wangu na wake ikitazamana, katika kichochoro ambacho watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Kazi yangu ni kupiga taipu. Nilikuwa na chumba Bondeni, kinatazama barabara, ambako watu waliniletea maombi ya kazi, hati za kiapo, barua za kwenda kwa wakubwa. Mashine yangu ya kwanza alinipa yeye. Nilikuwa nimemaliza masomo, nazunguka na vyeti, na siku moja akanikuta ngazini kwetu nimejiinamia. Hakuniuliza kinachoniliza. Jioni ile Bi Zainabu, mkewe, akavuka kichochoro amebeba mashine kubwa nyeusi kifuani kama mtoto. "Mzee asema hii haitumii," akanambia. Alikuwa akiitumia, nami nilijua, kwani sauti yake nilikuwa nikiisikia kila alasiri.

Ndivyo alivyokuwa. Hakujua kukataa. Sebuleni kwake palikuwa na mazulia manne, moja juu ya jingine, ukiingia mguu unazama, kwa sababu muuza mazulia mmoja alipita mara nne kwa miaka tofauti na mara zote alikuwa na mtoto mgonjwa. Jumamosi moja alialikwa arusi tatu, mbili Mji wa Kale na moja Bondeni, na kote alikaa, akala biriani, akaongezewa, akala. Usiku ule sukari yake ilipanda, akalazwa siku nne. Bi Zainabu alikuwa akimpepea huku akitwambia sisi tuliokwenda kumtazama, "Huyu mume wangu Mungu hakumpa neno 'la'. Alilisahau wakati wa kumuumba."

Yeye mwenyewe alikuwa na msemo wake, akiusema kwa fahari kidogo: "Mimi sipendi mtu aniombe mara mbili."

Ajabu ni kwamba mtu huyu laini alikuwa mkali kwa kitu kimoja, nacho ni karatasi. Barua yenye kosa hakuitia saini. Nilimpigia barua nyingi kabla hajapewa wizara, za mtaa, za msikiti, za wajane waliotaka haki zao ofisini, na kila moja aliisoma kutoka juu mpaka chini huku kidole kikitembea chini ya mstari. Akiona nukta imekaa pasipo pake aliirudisha. "Piga tena, mwanangu. Barua ni uso wa mtu." Kulikuwa na barua moja ya bomba la maji la mtaa wetu niliyoipiga mara sita. Ya sita akaitia saini, akaikunja, akasema kwa furaha ya dhati, "Hii sasa watajibu." Alikuwa akiamini hivyo. Aliamini kuwa barua ikiandikwa sawasawa, mtu aliye upande wa pili hana budi kuijibu. Na ile ya bomba walijibu, tukapata maji, nasi sote tukaamini naye.

Alipokuwa waziri hakuhama. Gari la serikali halikuweza kuingia vichochoroni, kwa hiyo dereva aliliacha Ngome, naye akashuka na kutembea kama zamani. Dereva wake alikuwa Kazungu, Mrabai, mtu mzima, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, mkaazi wa Majengo. Walipendana. Walikula sinia moja. Mwezi wa Ramadhani Kazungu aliona haya kula mbele yake, na Waziri akawa anamfukuza kwa maneno: "Nenda ukale, bwana. Njaa yako hainipi mimi thawabu."

Lakini baraza lake lilibadilika. Wale wazee wa goti na wajane wa barua waliendelea kuja, ila sasa walikaa nje, kwa sababu ndani mulikuwa na wageni. Watu wa suti, wenye miwani myeusi ambayo hawakuivua hata sebuleni, wakizamisha viatu vyao katika yale mazulia manne. Wasaidizi wake walizoea kupasua foleni ya watu ili apite. Yeye hakuwaambia wapasue, wala hakuwaambia waache. Niliiona hiyo kwa macho yangu hospitalini: watu wamesimama tangu alfajiri, kijana wa suti anawasukuma kwa kiganja, na Waziri nyuma yake anapita akiomba radhi kwa kila mmoja, "Samahani, mama. Samahani, ndugu yangu." Akaomba radhi mpaka akafika mbele ya wote.

Majengo palikuwa na zahanati ya wazazi. Nyumba fupi ya kuta za manjano, ua wa mchanga, mti mmoja wa mwarobaini ambapo waume walingojea. Watoto wangu wawili walizaliwa pale. Nusu ya watoto wa Majengo na wengi wa Bondeni walizaliwa pale, mikononi mwa mkunga mmoja tuliyemwita Mama Riziki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Kiwanja kilikuwa cha serikali, chini ya wizara ya jirani yangu.

Asubuhi moja wanawake walikwenda kliniki wakakuta mabati. Ua mzima umezungushiwa, lango limefungwa kwa mnyororo, na askari wa kampuni ya ulinzi amekaa juu ya ndoo. Akawaambia pameuzwa. Nani kauza? Yeye hajui, yeye ni askari tu. Siku ya tatu Mama Riziki akaja chumbani kwangu Bondeni na nakala ya barua aliyopewa na karani mmoja mwenye imani.

"Wewe wajua karatasi," akanambia. "Nitazamia. Hii ni ya kughushi?"

Niliisoma. Ilikuwa fupi. Ilisema wizara haina haja tena na kiwanja hicho na haina kizuizi kikipewa mtu mwingine. Chini yake saini yake, ile yenye mkia mrefu. Nilitamani sana iwe ya kughushi. Lakini nilitazama nukta, nikatazama herufi kubwa na ndogo, nikatazama nafasi kati ya mistari. Barua ile haikuwa na kosa hata moja. Nikajua aliisoma kutoka juu mpaka chini, kidole chini ya mstari, ndipo akaitia saini.

"Ni yake," nikasema.

Wanawake walitoka Majengo kwa miguu, buibui na leso, wakaja mpaka kichochoroni kwetu wakakijaza. Mimi nilisimama mlangoni kwangu. Waziri alitoka mwenyewe, bila msaidizi, na nyuma yake Bi Zainabu anatandika mikeka kizingitini kama vile ni maulidi.

"Sabalkheri, Mheshimiwa," akasema Mama Riziki. Hata siku ile hatukuacha salamu.

"Sabalkheri, mama zangu. Karibuni mukae."

"Hatukuya kukaa. Tumekuya na suali moja." Akamnyoshea ile karatasi. "Saini hii ni yako?"

Akavaa miwani yake. Akaichukua barua akaisoma yote, na watu wote wakangoja. Kisha akasema, "Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"La."

"Ulilipwa?"

"La, wallahi."

"Basi kwa nini?"

Akaikunja ile karatasi mara mbili, polepole. "Niliombwa," akasema.

Mama Riziki alicheka. Si kicheko ninachotaka kukisikia tena. "Kumbe ni kuomba tu!" akawageukia wenzake. "Nasi mabahau, wajinga sisi, tulinyamaza, twadhani pa kuzalia watoto wetu hapataki kuombwa."

Hawakumtukana, na nadhani ingekuwa afadhali wangemtukana. Walikunja leso zao mabegani wakarudi walikotoka, na mikeka ya Bi Zainabu ikabaki chini bila mtu.

Magazeti ya Nairobi yakaipata barua. Ikachapishwa, saini na yote. Bungeni wakapiga kelele, redioni wakazunguka zunguka. Kila mtu alidhani yatapita kama yalivyopita mengine. Katika nchi yetu miaka ile hakuna aliyekuwa akijiuzulu. Mtu alifukuzwa redioni saa saba mchana huku yuko mezani anakula, au alikaa mpaka akafa. Waziri naye aliendelea kwenda kazini. Alikonda kidogo. Alipunguza kusimama milangoni.

Kazungu alikuwa na binti, Dama, mimba yake ya kwanza, akikaa na mumewe Majengo, nyumba ya sita kutoka zahanati. Uchungu ulimshika adhuhuri, siku ambayo babake alikuwa amempeleka Waziri ng'ambo ya kisiwa kufungua shule. Majirani walimtia kwenye mkokoteni, wakatandika godoro, wakausukuma kwenda hospitali kuu. Mama Riziki alikuwa akikimbia kando akimshika mkono. Wakafika kwenye njia panda, magari yamesongamana, mkokoteni haupiti. Dama alifia pale, juani, na mtoto hakutoka.

Habari ziliwafikia kule shuleni wakati wa hotuba. Kazungu aliambiwa akiwa ameegemea gari. Waliorudi naye wanasema alishika usukani mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaendesha njia nzima mpaka kisiwani na Waziri amekaa nyuma yake.

Tulikwenda mazikoni Rabai. Waziri alisimama juani bila mwavuli, kanzu imemganda mgongoni, mbali kidogo na watu wa kanisa. Walipomaliza kufukia, Kazungu alikuja kwake akitembea kama mtu aliyebeba kitu kichwani. Nilidhani atampiga. Nadhani Waziri naye alidhani hivyo, kwa sababu alishusha mikono yake ikaning'inia tu. Kazungu akampa mkono kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, ahsante kwa kuja," akasema.

Siku ya pili yake, asubuhi, alikuja chumbani kwangu Bondeni. Peke yake, kwa miguu. Akavuta kile kiti cha wateja.

"Ofisini siwezi kuandika hii," akanambia. "Tia karatasi."

Alisema, nami nikapiga. Kurasa tatu. Alieleza nani alimpigia simu na alisema nini. Alieleza nani alikuja nyumbani na barua imekwisha andikwa, inangoja saini tu. Akataja majina mawili. La kwanza lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye. La pili la mfanyabiashara ambaye sote tulilijua jina lake kutoka kwenye mabango. Nilikosea mara mbili, na mara zote mbili akaniambia bila ukali, "Tuanze ukurasa huo tena." Mwisho alisema anajiuzulu, na kwamba anaomba kiwanja kirudi kabla mwanamke mwingine hajafa barabarani. Akaisoma yote. Kidole chini ya mstari. Nikaona uso wake umefunguka kama siku ile ya barua ya bomba.

"Nikirudi kutoka msikitini naitia saini," akasema. "Leo hiihii inakwenda Nairobi."

Alirudi baada ya Adhuhuri, naye alikuwa mtu mwingine. Hakukaa. "Walikuwa nyumbani wananingoja," akasema. "Tupige nyingine."

"Nyingine ipi, mzee?"

"Fupi. Kwamba naondoka kwa hiari yangu. Kwamba kosa ni langu peke yangu." Akaona navyomtazama. "Wamenambia nikitoka kimya, zahanati itarudi. Mabati yatang'olewa kabla ya mwezi kwisha. Nikiwataja, itakuwa kesi, na kesi itakaa miaka, na kiwanja kitakaa na mabati miaka hiyo yote. Ndivyo walivyosema. Na ni kweli, ndivyo kesi zilivyo."

"Na wewe umewaamini?"

"Wameniomba kwa heshima. Wamenipa mkono."

Nilimwambia jambo ambalo sikudhani ningeweza kumwambia mtu wa umri wake. "Mzee, hata Kazungu alikupa mkono."

Nje kulikuwa na mtu anauza mbaazi, anaita. "Piga, mwanangu," akasema mwishowe.

Nikapiga. Mistari mitano. Akaitia saini amesimama, bila kuisoma. Ile ya kurasa tatu akaichana vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni mwa kanzu. Barua fupi ilipotoka magazetini, picha yake ukurasa wa mbele, niliona nimeruka herufi katika neno "hiari". Nimeandika "hiri". Nchi nzima ilisoma kosa langu.

Sasa nieleze langu. Mimi nilikuwa na tabia ya kutia kaboni katika kila kazi. Nakala ya zile kurasa tatu ilibaki kwangu, nami nikajua imebaki alipokuwa angali anachana. Sikusema. Niliificha nyumbani, chini ya kitambaa cha meza, na siku nne nilikula juu yake. Nilijiambia kama mabati hayakutoka mwezi ukiisha, nitaipeleka gazetini mwenyewe. Siku ya tano wakaja Bondeni wanaume wawili wenye adabu sana, mchana kweupe, wakanisalimu vizuri, wakauliza kama mzee aliandika kitu kingine siku ile. Nikasema la. Wakatazama mashine, wakatazama picha za watoto wangu ukutani, wakauliza majina yao na wanasoma wapi. Wakaaga. Nilikwenda nyumbani, nikawasha jiko la makaa, nikachoma ukurasa baada ya ukurasa, nikateleka wali juu yake. Tukala. Watoto waliniuliza mbona wali hauna chumvi leo; nilikuwa nimesahau kutia. Hiyo ndiyo niliyoifanya mimi.

Redio ilimsifu siku mbili. Walisema ni mfano wa uongozi bora. Siku ya tatu wakatangaza waziri mpya. Kazungu akapewa huyo mpya amwendeshe, gari lilelile.

Mwezi ukaisha. Wa pili ukaisha. Siku mabati yalipofunguliwa upande mmoja, watu wa Majengo walikimbia kutazama, na kilichoingia ni lori la mawe. Wakaivunja nyumba ya manjano kwa siku mbili. Waziri akaanza kwenda pale kila wiki, Jumatatu, anasimama kando ya barabara anatazama wakijenga. Askari alikuwa hamjui. Nilipita siku moja nikasikia akimwambia, "Mzee, hapa hapasimamwi," na Waziri akajibu, "Samahani, kijana," akasogea hatua nne, akasimama tena.

Na alianza kuja kwangu tena na barua. Kwa yule mkubwa aliyempa mkono. Barua nzuri, za adabu, za kukumbusha. Nilizipiga, alizisoma, alizirudisha kwa ajili ya nukta, akatia saini, akazipeleka posta kwa mkono wake. Hazikujibiwa. Hata moja. Mwaka ukapita, yeye anaandika. Mara anakuja kuuliza kama posta ya Bondeni ni ya kuaminika. Mara anasema labda amekosea anwani. Siku moja alikaa na karatasi mbele yake, kidole kiko chini ya mstari wa kwanza, hakisogei. Nikamngoja. "Hii haina kosa," akasema. "Nimeitazama sana. Haina kosa lolote." Akaiacha mezani bila saini, na baada ya siku ile hakuleta nyingine.

Mtaani hawakumchukia. Hilo ndilo ninaloshindwa kulieleza kwa mtu asiye wa kwetu. Walimwitikia salamu. Lakini hakuna aliyempelekea goti lake wala mjane wake, na barazani kwake majani ya mti wa mkungu yaliyoanguka yalikaa mpaka Bi Zainabu alipoyafagia. Wengine walimwona mwizi. Wengine, na hao walikuwa wengi zaidi, walimwona mjinga, maana wezi wenzake wako ofisini na yeye yuko nyumbani. Mama Riziki alihamia kwa nduguye Kilifi. Kazungu alikuwa akija Jumapili baada ya kanisa, wakikaa wawili sebuleni, na chai inapoa. Halafu naye akaacha kuja. Bi Zainabu alifariki kwa ghafla, alipokuwa anakunja nguo. Katika hitima watu walikuja wengi, wakala, wakasoma, wakaondoka upesi.

Mara ya mwisho nilimwona Feri, pale kivukoni, muongo ule ukielekea kwisha. Nilikuwa navuka kwenda Likoni kumtazama shangazi yangu. Watu wamejaa, wachuuzi wa mihogo ya kukaanga na maji ya baridi wanapita katikati, nikaona kanzu nyeupe na bakora na begi moja la kitambaa. Nilimshika mkono. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Yule mkubwa amemaliza shule?" Akauliza mpaka akamaliza. Akanambia anahamia Likoni kwa bintiye, ngazi za nyumba zinamshinda. Nyumba amempangisha mtu. Yale mazulia amewapa msikiti.

Tuliingia chomboni, tukapata pa kusimama kwenye ukingo. Nyuma yangu walikuwa wanaume wawili, vijana wa kazi, mmoja na mfuko wa mihogo. Mmoja akasema, si kwa kunong'ona, "Huyu mzee si yule aliyekuwa waziri?"

"Waziri wa nini?"

"Siyui wa nini. Yule aliyejiuzulu."

"Kwa nini alijiuzulu?"

"Si waliiba. Wote hao waliiba. Yeye alikamatwa, wenziwe hawakukamatwa."

Nilimtazama Waziri. Alikuwa ameelekea kwao, alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa na ile subira ya mtu anayengoja azungumziwe. Sijui ni nini kilinishika. Labda ni ule wali usio na chumvi. Sikuweza kuwageukia watu nisiowajua nikabishana nao mbele za watu, sikulelewa hivyo, lakini nilimwelekea yeye na maji yale, nikapaaza sauti ili wasikie, nikasema yote. Nikasema hakuchukua kitu. Nikasema aliombwa. Nikasema aliandika barua nyingine, kurasa tatu, na mimi ndiye niliyeipiga. Nikayataja yale majina mawili, la kwanza na la pili, kwa sauti, mahali pa watu, mchana. Nikamtaja Dama na mkokoteni. Nikasema alinyamaza ili wanawake wapate pa kuzalia, wakamdanganya. Nikasema nakala nilikuwa nayo nikaichoma kwa woga. Nilikuwa nimeshika chuma cha ukingo kwa mikono yote miwili, na chombo kilikuwa kinapunguza mwendo, ng'ambo imekaribia.

Nilipomaliza nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na mama mmoja na kuku wake, anatazama upande mwingine. Wale wawili hawapo.

Waziri aliniwekea mkono begani.

"Waliondoka kitambo, walikwenda mbele kushuka," akasema. "Uliposema tu kuwa sikuiba. Mimi nilikuacha umalize."